Mukimo wa Yemeni

Jumamosi hiyo asubuhi Rukaya alikuwa jikoni kwa nyanya yake, Majengo, mtaa wa Waislamu mjini Nyeri, akiponda mukimo kwa mwiko mkubwa, sufuria ameibana kati ya miguu. Viazi, ambavyo huku huitwa waru, mahindi mabichi, majani ya malenge. Nyanya Aaliya alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua dania, na mara kwa mara aliinua macho kuona kama sufuria yote imekuwa ya kijani.

"Bado," alisema. "Hiyo iko na madoa. Ponda."

"Nyanya, mkono inaniuma."

"Si ndio wewe ulisema wageni wanakuja? Ponda, mama."

Mukimo huo ulikuwa wa kupelekwa meza ya Yemeni.

Mambo yalikuwa hivi. Vijana wenye kazi zao pale Nyeri, mawakili, wahandisi, walimu na watu wa kompyuta, walikuwa na chama walichokiita Dirisha, cha kujuana na watu wa nje na mambo ya nje. Rukaya, ambaye ni mfamasia, alikuwamo tangu chama kianze. Kila mwisho wa Machi walifanya Sherehe ya Springi. Springi yenyewe huku haipo. Kuna mvua, kuna jua, na kuna ile baridi ya Julai. Lakini marafiki zao wa Ureno walikuwa nayo, na vijana wakaona aibu kuikosa. Basi wakachukua zile siku chache ambazo kahawa inatoa maua, wakaziita springi, na hakuna aliyelalamika.

Kwenye sherehe kila mwanachama alipewa nchi, na meza, akapika chakula cha nchi hiyo. Meza iliyogombaniwa ni ya nyumbani, yaani ya Nyeri, na mwaka huu iligombaniwa zaidi, kwa sababu mwenye kusimama hapo ndiye angekwenda Ureno mwezi wa Mei kuwaeleza Waureno Nyeri ni mahali gani. Rukaya aliitaka meza hiyo kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa ameiomba mwaka juzi, akapewa Misri. Akaiomba mwaka jana, akapewa Uturuki.

"Meza ya nyumbani inataka mtu wa hapa," Mwai alikuwa amemwambia safari hii. Mwai ni mpima ardhi, na ndiye mwenyekiti. Kijana mcheshi, mkarimu, ambaye humpigia Rukaya simu kila Idi, jambo ambalo hata shemeji yake Rukaya husahau.

"Mimi ni wa wapi?"

"Si wewe ni wa Majengo."

"Na Majengo iko wapi?"

"Iko Nyeri, Rukaya, najua iko Nyeri. Lakini unajua vile namaanisha. Asili."

"Nyanya yangu amezaliwa Majengo. Mama yake pia. Na wewe ulizaliwa Nakuru."

"Lakini kwetu ni Kiriaini."

"Kiriaini ni Murang'a, si Nyeri!" akadakia Gathoni, wakili, rafiki yao wote wawili. Wakacheka, Mwai akacheka kuliko wote, kisha akaandika Rukaya, Yemeni.

Rukaya hakujua Wayemeni wanakula nini. Alijua mukimo.

Safari hii sherehe haikufanywa mjini, ilikuwa Mukurweini, shambani kwa Nduta, cucu wa Gathoni, yaani nyanya yake. Kahawa ilikuwa imefunguka alfajiri hiyo, mteremko wote mweupe hadi mtoni, na harufu yake tamu ilimpokea mtu akiwa bado barabarani. Meza zilipangwa kati ya mistari ya kahawa. Palikuwa na Ujapani, Brazili, Uswidi, na Yemeni iliwekwa karibu na choo. Meza ya nyumbani ilikuwa mbele kabisa. Mwai alisimama nyuma yake amevaa shati jipya la kitenge, na mbele yake sahani ya chapati alizonunua mjini.

Mara tu kasisi alipomaliza kuombea chakula, watu wakaanza kutoa maua.

Kwa Gathoni yalianzia shingoni, vichomozo vidogo vya kijani, kisha vikafunguka vyeupe mpaka kwenye bega. "Usikune," Nduta alimwambia kutoka kwenye kiti chake. "Ukikuna zitaanguka kabla ya saa yake." Nduta mwenyewe alikuwa na machache nyuma ya masikio, na alikuwa akifukuza nyuki na leso. Mwenye kamera alitoa kwenye vifundo vya vidole ikambidi apige picha kwa uangalifu. Watu wa mashambani wamezoea. Kahawa ikifunguka, na yule ambaye kitovu chake kimezikwa kwenye udongo huu naye anafunguka, mradi awe karibu na shamba siku hiyo. Watu wa mjini husahau tu kwa sababu siku hiyo kwa kawaida wako ofisini.

Rukaya alihisi mwasho juu ya sikio, akadhani ni siafu. Aliponyoosha mkono akagusa ua. Halafu lingine, halafu shada zima, yakapita kwenye mtandio bila kuutoboa, nyuzi zikiyapisha tu, yakateremka begani, yakazunguka mikono mpaka kwenye viwiko. Yeye alikuwa na mengi kuliko wote. Akachukua mwiko akaendelea kupakua, maana foleni ilikuwa imeshaanza.

Nduta alimwita. "Wewe msichana wa Yemeni. Kitovu yako ilizikwa wapi?"

"Majengo, cucu. Chini ya mpera ya nyanya."

"Eeh, basi ni hiyo. Haitoki bure bure." Akamtazama vizuri. "Yako ni mingi. Mimi nikiwa msichana nilitoa mpaka kwa kidevu, sasa ona. Uzee. Hebu nipe hiyo chakula yenu ya Yemeni."

Akaonja. Akaonja tena.

"Hawa watu wa Yemeni," alisema, "wamefunzwa na mtu wa Tetu, hapa hapa Nyeri."

Mwai alijitazama mikono, pande zote mbili. Alikwenda kujitazama shingo kwenye kioo cha gari la Gathoni. Hakukuwa na kitu.

"Ni hii mafuta nimejipaka," alisema. "Iko na kemikali."

"Ni Nakuru hiyo!" mtu akapaza sauti kutoka Brazili. "Nenda Nakuru ukatoe maua ya pareto!"

Mgeni kutoka Ureno aliitwa Ines. Alikuwa amejifunza Kiswahili darasani na alikisema kwa adabu nyingi. Alipita meza ya nyumbani, akasalimu, akakubali chapati, kisha akafuata nyuki hadi karibu na choo.

"Samahani dada, maua haya ni ya Yemeni?"

"Hapana, ni ya hapa."

"Na chakula hiki, tafadhali?"

"Pia ni ya hapa."

"Na wewe, dada?"

Rukaya akacheka, akamwongezea mukimo.

Sufuria ya Yemeni ndiyo iliyoisha kwanza. Mwai alikula mara mbili. Kisha mpiga gita akaanza, watu wakashikana mabega wakawa treni ndefu ya kucheza mugithi. Treni ikaingia kwenye mistari ya kahawa, ikashuka hadi mtoni na kupanda tena, Ines akiwa kichwa cha treni na Nduta akiwa katikati, fimbo yake imeachwa kwenye kiti. Petali zilianguka kama mtu anachekecha unga, za miti na za watu, na nyuki walifuata nyuma kwa mpangilio mzuri. Rukaya alicheza mpaka viatu vikajaa matope. Hakuwa amewahi kufurahi namna hiyo.

Jua lilipoanza kushuka, Mwai alisimama kwenye kiti akatangaza kwamba kamati imethibitisha: mwenye meza ya nyumbani atakwenda Ureno.

"Mwai!" Gathoni alisema. "Si uko na macho? Mwangalie Rukaya."

"Nimeona, na ni maua mazuri kabisa," Mwai alijibu, bila ubaya wowote. "Lakini fikiria. Akifika kule aseme ni Rukaya kutoka Nyeri, watu watauliza, itabidi aanze kueleza. Mimi sitahitaji kueleza."

"Na si mtu anaenda kueleza?" akauliza Nduta.

Watu wakacheka sana, wakapiga makofi, na uamuzi ukabaki vile ulivyokuwa. Rukaya naye alipiga makofi, maana Mwai ni rafiki yake, na petali zikamwanguka viganjani.

Wakati wa picha Mwai alimjia pole pole. "Rukaya, hebu niazime moja. Ya kutuma Ureno."

Alivunja kishada nyuma ya sikio akampa. Kilimuuma kama unywele unaong'olewa. Mwai akakitia kwenye mfuko wa shati, akatabasamu, na picha hiyo ndiyo iliyotumwa. Kabla gari halijafika Gakindu maua mfukoni mwake yalikuwa yamegeuka kahawia, lakini kwenye picha hayaonekani hivyo.

Nyumbani, Nyanya Aaliya alimtazama mjukuu wake mlangoni, juu mpaka chini.

"Wamekupa?"

"Hapana."

"Haya. Vua viatu, na ulale ubavu mmoja, usiziponde."

Maua yakaanguka baada ya siku chache, kama kawaida, na mahali pake zikabaki punje ndogo za kijani. Rukaya alienda nazo kazini. Alipokuwa akimhesabia mgonjwa vidonge, mgonjwa alimshauri anyunyize dawa ya kutu ya majani mapema. Mwai alikwenda Ureno akarudi, akamletea dagaa wa mkebe na sumaku ya friji.

Kahawa ilipoiva, Oktoba, iliiva ya miti na ya Rukaya pia. Jumapili alasiri Rukaya aliketi mkekani uani, chini ya mpera, na Nyanya Aaliya akamchuma kwa utulivu, akitia kwenye beseni zile nyekundu tu, za kijani akiziacha zingoje zamu yake. Zile za mchumo wa kwanza zilikuwa zimeshakauka, akazikaanga kwenye kikaango, akazitwanga, akachemsha na tangawizi. Majirani walikuja kwa harufu, kila mmoja na kikombe chake, na ua ukajaa vicheko.

Simu ikalia. Ni Mwai, ametuma meza za springi ijayo.

"Wamekuweka wapi safari hii?" Nyanya aliuliza, bila kuacha kuchuma.

"Moroko."

"Na huko wanakula nini?"

"Mukimo, nyanya."

Nyanya Aaliya alitupa punje nyekundu kwenye beseni.

"Basi ni watu wazuri," alisema. "Ukitoka kazini kesho ulizia bei ya waru."