Sauti Iliyohamia Kwenye Chupa ya Chai

Dada wa Chai ndiye aliyegundua kwanza kwamba chupa kubwa ya chai ya ofisini ilikuwa inakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusoma taarifa. Alipofungua kifuniko, mvuke ulitoka, na pamoja na mvuke ikatoka sauti ya Mtangazaji ikisoma habari za asubuhi. Akamimina chai vikombeni kama kawaida. Kumwita mtu aje asikie kungemlazimu aongee, na yeye hata akijigonga kwenye meza, aliiomba meza radhi.

Ofisi hiyo ilikuwa ya taifa, ya kulinda waandishi wa habari. Mtangazaji alikuwa ameuliza redioni gari la ofisi hubeba saruji ya nani kila Jumamosi. Akaanza kutishwa kwa simu, akaja kuomba ulinzi, akapigwa pale langoni mpaka koo likaharibika. Ofisi ilisikitika sana. Ilieleza pia kwamba alipigwa upande wa nje wa lango, na ulinzi huanzia ndani.

Sauti ilipomtoka, ilihamia kwenye chupa. Wafanyakazi waliizoea upesi, maana chai ilikuwa ile ile. Mhasibu aliiuliza matokeo ya mpira, ikamjibu. Mkurugenzi aliagiza chupa nyingine. Sauti ikahamia humo na kumshukuru, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa inavuja.

Mwisho wa kila taarifa ilisema, "Aliyenipiga ni dereva wa mkurugenzi."

Dereva alikuwa pale pale, kikombe mkononi.

"Niongezee sukari, mdogo wangu," alisema.

Dada wa Chai akamwongezea.

Siku ya kesi Mtangazaji alikuja na skafu shingoni. Redio ilikuwa imemhamishia mlangoni, awafungulie watangazaji wenye sauti. Kesi ndiyo kitu pekee alichobaki nacho. Mwendesha mashtaka aliiweka chupa mezani, Dada wa Chai akaletwa kuifungua, kwa sababu kifuniko kile kilikuwa na ukaidi wake. Sauti ikasoma, na Mtangazaji akawa anachezesha midomo sambamba nayo.

Hakimu alisikiliza taarifa yote, hali ya hewa ikiwemo. Kisha akasema chupa haina mkono wa kuinua wakati wa kiapo. Akauliza kama yupo mtu, mwenye mdomo wake, aliyeona tukio.

Mtu huyo alikuwepo. Siku ile alikuwa dirishani anasuuza vikombe, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya sukari iko wapi. Alisimama akafungua mdomo. Ukatoka mvuke mtupu, mwingi, bila neno hata moja. Hakimu akaagiza madirisha yafunguliwe, joto limezidi, kisha akaifuta kesi.

Mtangazaji alimpa Dada wa Chai mkono na kuinamisha kichwa, kumshukuru kwa kuibeba chupa bila kuitikisa. Ingekuwa afadhali angemzaba kofi.

Walirudi kwa gari la ofisi. Mkurugenzi alikaa mbele, akasema wamepiga hatua kubwa, angalau safari hii walifika mahakamani, akasinzia. Dada wa Chai alikaa nyuma, chupa mapajani, vumbi la saruji likimganda kwenye sketi. Penye foleni dereva alisimamisha gari, akapitisha kikombe nyuma bila kugeuka. Saa yake ilimeta kwenye kifundo cha mkono.

Dada wa Chai alifungua kifuniko. Kwa mara ya kwanza chupa ilinyamaza, kama mtu aliyempisha mwenzake mlangoni. Alimimina chai, akaweka sukari kabla hajaombwa, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba, yenye kutu.

"Kaka, nilikuona. Ulivua saa kwanza, ukaifuta kwa shati, ukaiweka mfukoni, ndipo ukaanza kumpiga."