Nyatiti ya Kampuni

Oyugi alipokufa, kampuni ya chai ilitoa jeneza na lori la kumpeleka kwao, lakini nyatiti yake, kinubi cha Kijaluo cha nyuzi nane, ilibaki. Ilinunuliwa kwa hazina ya burudani, zile pesa zilizokatwa kwa mshahara wa kila mchuna chai, kwa hivyo ilikuwa mali ya kampuni kama mizani na vikapu.

Adoyo, mjane wake, alimwendea Weldon, afisa wa maslahi wa shamba, akaomba afunguliwe kidogo tu ukumbi wa burudani, ilimofungiwa nyatiti. Kwa ukoo wa Oyugi, mpiga nyatiti akifa, mkewe hulegeza nyuzi zote kabla ya maziko, ili wimbo umwachilie. Weldon hakuwa mtu mbaya. Alisema ufunguo uko na meneja, na meneja ameenda Nairobi. Lori likaondoka. Adoyo alimzika mumewe na pete yake ya chuma kwenye kidole cha mguu, ile aliyozoea kugongea ubao wa nyatiti ili kupiga mdundo. Kisha akarudi kazini, kwenye shamba la chai la Boito.

Mwaka huo, wa tisini na sita, bei ya chai ilianguka, na kampuni ikafunga hazina ya burudani. Wachezaji wa kikundi cha ngoma cha kampuni, waliokuwa wakipewa kazi nyepesi siku za mazoezi, walirudishwa kuchuna. Ukumbi ukangoja kugeuzwa stoo ya mbolea.

Hapo ndipo sauti ilipoanza. Alasiri, ukungu ukishuka juu ya michai, wanawake waliopita na vikapu mgongoni walisikia ndani ya ukumbi uliofungwa chuma kikigonga ubao. Taratibu, kama mtu anayengoja wenzake waingie.

"Mama Beverly, huyo mzee wako anadai ovataimu," jirani yake Winny alimtania Adoyo mara ya kwanza. Baada ya hapo hakutania tena. Akawa anazungukia njia ya mtoni.

Adoyo alirudi kwa Weldon.

"Mama, ningoje kidogo," Weldon alisema. "Kuna wafadhili wanakuja kutoka Nairobi. Wanasaidia vikundi vya utamaduni. Wakitupenda, ukumbi unabaki na watu wako wanarudi kucheza. Ukilegeza nyuzi nitawaonyesha nini? Ubao?"

"Na Oyugi?"

"Oyugi alipumzika, mama."

"Basi nenda ukasimame pale mlangoni ukungu ukishuka, halafu uniambie hivyo tena."

Weldon aliinamisha macho, akaanza kupanga kalamu zake mezani. Adoyo akajua kwamba alikwisha kusimama pale.

Siku ya wageni, Ojwang aliketishwa penye kigoda cha marehemu. Ojwang alikuwa mtu wa ngoma.

"Kwa nyatiti mimi ni kama mtu anachuna chai na glavu," alimnong'onezea Adoyo. "Usinicheke, mama."

Alianza vibaya kweli. Mgeni mmoja, mama wa miwani, aliwasha kinasa sauti chake kwa adabu tu. Nje, ukungu ulifika madirishani. Vidole vya Ojwang vikabadilika.

Adoyo aliutambua wimbo. Oyugi alikuwa akiutunga jikoni jioni, kidogo kidogo kwa sababu ya kikohozi, na hakuwahi kuumaliza. Hakuna mwingine aliyewahi kuusikia. Sasa ulipita pale alipouachia, ukaendelea. Na chuma kiligonga ubao, sawasawa. Adoyo alitazama mguu wa Ojwang. Ulikuwa mtupu, na haukusogea. Ojwang mwenyewe alikuwa akilia, mdomo umefumbwa.

"Hiki ndicho tunachotafuta," mama wa miwani alimwambia Weldon. "Tunaweza kukigharamia. Kipigwe hivi hivi, kila Jumamosi."

Kila Jumamosi. Adoyo alimfikiria mtu aliyechuna hadi wiki ya kufa kwake, ambaye sasa anaandikwa kazi tena. Aliinuka, akapita mbele ya wageni, akapiga magoti penye nyatiti.

"Mama Beverly, tafadhali," Weldon alisema. "Watu wote hawa."

Aliwaona. Aliona Winny, aliyekuwa akicheza mbele kabisa, ameshika njuga zake. Hata hivyo alilegeza uzi wa kwanza, na wa pili. Ojwang aliondoa mikono, lakini wimbo haukukoma mpaka uzi wa mwisho. Ukumbi ukawa na baridi ya kawaida tu.

Wageni waliondoka bila kunywa chai.

Mbolea ilikuwa imekwisha kuingia ukumbini Weldon alipokuja kumtafuta shambani, kofia mkononi. Alikuwa ametoka Nairobi kuwasihi wafadhili.

"Walikataa. Wanasema ukanda wao haukushika muziki. Walinichezea nikasikia. Hakuna uzi hata mmoja, mama. Ni kile chuma tu kwenye ubao, halafu kama kwenye sakafu, halafu nje. Kinaenda kikififia, kama mtu anayeondoka bila haraka."

Winny, mstari wa pili, aliacha kuchuna.

Adoyo alitua kikapu chake chini.

"Hapo mwisho," alisema. "Niambie tena hapo mwisho."