Umri wa Tairi la Kushoto

Siku ya kubadilisha matairi, tabibu wa meno alichuchumaa mbele ya duka, akaingiza ukucha wa kidole gumba katikati ya meno ya tairi, akaenda jino kwa jino kana kwamba anakagua kinywa cha mgonjwa. Ukucha ulizama wote. Meno yalikuwa marefu na yametimia, hakuna hata moja lililolika. Mumewe, dereva wa familia na mtu wa maneno machache, alisimama kando ameshika jeki.

"Haya bado mabichi," tabibu akasema.

"Mabichi kabisa, daktari," mwenye duka akaitikia. "Hayajagusa barabara hata siku moja."

Hilo lilikuwa kweli. Mwenye duka hakuwa mtu wa kupoteza uongo pale ambapo ukweli ulitosha. Matairi yale yalikuwa yamekaa ghalani tangu tabibu mwenyewe hajaanza shule. Kiwanda huchapa ubavuni mwa tairi tarakimu nne, za wiki na mwaka wa kuzaliwa kwake. Mwenye duka alikuwa amezikwangua kwa tupa, akapaka rangi nyeusi, na wakati wa kufunga akageuza ubavu huo ukatazama ndani. Tabibu, ambaye kwa kazi yake alizoea kujua umri kwa kutazama meno, hakuuliza zaidi.

Matairi yalikuwa ya trela lao, na trela hilo lilikuwa nyumba yao na ajira yao. Mbele kulikuwa na kiti cha kung'olea meno, nyuma kitanda cha wazazi. Katikati, juu ya gurudumu la kulia, lilikaa jiko, na juu ya gurudumu la kushoto kitanda cha binti yao wa pekee, mwenye miaka minane, ambaye walimwita Nukta kwa udogo aliozaliwa nao. Safarini alilala hapo na mwanasesere wake, maana gari lililovuta trela lilikuwa na viti viwili tu.

Miaka ikikwanguliwa kwenye tairi haipotei. Hutafuta pa kwenda. Ya tairi la kulia iliishia jikoni, sufuria zikachakaa na mpini wa kikaango ukakatika, na hakuna aliyeshtuka, kwani sufuria huchakaa. Ya tairi la kushoto ilipanda kwenye ekseli, ikapita kwenye mbao za sakafu, ikaingia kwenye godoro.

Baada ya safari ya kwanza Nukta alishuka gauni likiwa juu ya magoti. "Amerefuka," baba akasema, akaazima sindano, akalishusha pindo. Baada ya safari ya pili alivaa magauni ya mama yake, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakaanza kumwita nesi. Mvi za kwanza walizidhani vumbi la barabarani. Alikuwa bado anaogopa giza, na bado alitaka akatiwe mkate vipande vidogo.

Mama alikuja kujua ukweli siku alipomkalisha kitini kumkagua kinywa, kama alivyofanya kila alipopata nafasi. Magego ya mwisho yalikuwa yameota yote manne na yamekwisha kulika. Fizi zilikuwa zimerudi nyuma. Aliyatazama mara mbili kwa kioo kidogo.

"Kuna lililooza, mama?"

"Hamna, mwanangu. Funga mdomo."

Akatoka nje. Mumewe alikuwa anapima upepo wa matairi.

"Baba Nukta, mtoto ana umri wa miaka hamsini na kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu tubadilishe matairi."

Mumewe akaingia chini ya trela na tochi, akaona pale palipopita tupa. Akalia hukohuko chini, kisha akatoka akijipangusa grisi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna tairi lililowahi kutunzwa kama lile. Kila asubuhi alilipima upepo kabla jua halijachoma. Wakiegesha kwa muda mrefu alifunika magurudumu kwa magunia na kuliinua trela kwa jeki, tairi lisije likapata ubapa. Kwa matunzo hayo lingepasuka vipi? Mikononi mwa mzembe lingekwisha kwenye safari ya kwanza, na mtoto angepungukiwa na utoto kidogo tu.

Walirudi dukani Nukta akiwa mbele, amepakatwa na mama yake ambaye sasa alikuwa mdogo kwake. Njia nzima alilalamika kwamba magoti yanamuuma.

Mwenye duka alimtazama mtoto, akatikisa kichwa kwa huruma. "Huwatokea wanaolala juu yake," akasema. "Mizigo haina neno."

"Mbona hukutuambia?"

"Daktari, wewe hukuuliza umri. Uliuliza meno."

Matairi yenye tarakimu zake alikuwa nayo, nyuma ya duka, amewawekea wanaojua kuuliza. Aliyatoa bila ubishi. Baba Nukta alizisoma tarakimu, akazipapasa kwa kidole, akaridhika. Sharti lilikuwa moja, kwamba yale ya zamani yabaki pale dukani.

"Bado yana miaka," mwenye duka akasema, akilipigapiga la kushoto.

Tabibu alielewa maana yake. Alitamani kuyachanachana. Lakini bila hayo hawapati mapya, na bila mapya Nukta hafiki mwisho wa mwezi. Akakubali.

Matairi yakaoshwa kwa sabuni, yakapakwa rangi, yakapangwa mbele ya duka. Baba Nukta hajamaliza kukaza nati, wakafika mume na mke vijana na trela lao la kuuzia nguo, mke amebeba mtoto mchanga mgongoni. Mke akainama, akaingiza ukucha kwenye meno.

"Dada, uliza umri," tabibu akamwambia.

"Wa nani?"

"Wa tairi."

Yule mke akacheka kwa adabu. "Meno si hayo, dada, marefu kuliko yangu."

"Daktari mwenyewe ndiye aliyekuwa nayo," mwenye duka akaongeza. "Muulize kama yalimpasukia hata siku moja."

Tabibu akakiri kwamba hayakupasuka. Mume akayaviringisha hadi kwenye trela lake, akaanza kulegeza nati.

Wakati wa kusubiri mke akatafuta kivuli, akamkuta Nukta ameketi kwenye kigoda na mwanasesere mapajani. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Nukta akageuka kumtazama mama yake. Maisha yake yote alikuwa ametoa salamu hiyo, hajawahi kupewa.

"Niseme nini?" akanong'ona.

"Sema marahaba."

"Marahaba," Nukta akasema, halafu akauliza kama anaweza kucheza na mtoto.

Yule mke akafungua mbeleko, akampa bila wasiwasi, maana watoto wachanga hutulia mikononi mwa wazee.