Hakuna Damu

Sikuiona ile kanga. Nalikiri hili mwanzo kabisa, maana kazi yangu katika kiwanda cha korosho hapa Newala ni kuona na kuandika: mimi ni karani, na kitabu cha ajali hukaa mezani kwangu. Kwa wiki saba Hajira alikuja kazini amejifunga kanga kwenye paji la uso, fundo limekazwa hadi ngozi ikakunjamana, nami nikadhani ni mtindo wa wanawake wa Chiwata, alikozaliwa.

Gunia lilimwangukia mwezi wa kumi na moja. Magunia yalikuwa yamepangwa kumi na mawili kwenda juu, kando ya mlango wanaoupita wachambuaji. La juu liliteleza, likampiga begani na kumtupa hadi kisogo kikagonga nguzo ya saruji. Alikaa chini. Aliuliza leo ni siku gani, akajibiwa Alhamisi; akauliza tena, na tena. Mara ya tatu wenzake walicheka, mmoja akasema Mama Anwari, ndivyo tunavyomwita Hajira, amepata likizo bila kuomba. Nami nilicheka. Zabroni, msimamizi wetu, alimpapasa kisogoni kwa vidole viwili, kisha akavitazama. Vilikuwa vikavu. Nikaandika: *Gunia limeanguka. Hakuna damu. Hakuna aliyeumia.* Meneja akatia sahihi, na Hajira akarudi mezani kumalizia zamu.

Kuchambua ni kazi ya macho. Korosho nyeupe nzima huenda sinia hili, zilizoungua kidogo lile, vipande kule. Mikono hufuata tu. Macho ya Hajira ndiyo Zabroni aliyowatambia wageni wa kiwanda. Baada ya gunia, kama alivyonieleza mwenyewe baadaye, taa ndefu za darini zilianza kumchoma. Ilipofika saa nne asubuhi kichwa kilikuwa kikitwangwa kwa ndani, na rangi mbili zikawa moja. Mchana aliweza kusinzia ameketi, mkono ungali ndani ya korosho. Nyumbani hakuweza tena kujitwisha ndoo. Aliijaza nusu, akaibeba mkononi, akaitua kila baada ya nyumba tatu. Majirani walisema anateka maji kama bibi harusi anayelinda nywele.

Zahanati walimpa panadoli na agizo moja: apumzike wiki mbili. Lakini kiwandani mapumziko hupewa aliyeumia kazini, na aliyeumia ni yule aliyeandikwa. Asiyeandikwa akikosa siku tatu, kiti chake hupewa mmoja wa wale wanaosubiri langoni.

Siku moja katikati ya zamu Zabroni alichukua sinia la Hajira la nyeupe, akalimwaga juu ya meza mbele ya wote, na zilizoungua zilikuwa zimechanganyika humo.

"Hizi ni nyeupe, Mama Anwari?"

Hajira alizitazama kwa muda mrefu. "Mimi naona nyeupe."

"Hicho kichwa unachokisingizia hakina kosa. Umeichoka kazi."

Jioni hiyo alikuja ofisini kwangu.

"Shikamoo, Baba Agatha."

"Marahaba, Mama Anwari. Karibu kiti."

"Nimekuja uniandike."

Nilimuuliza nimwandike nini. Akasema kwamba aliumia, ili apewe hizo wiki mbili za kulala bila kupoteza kiti. Nikafungua kitabu na kumgeuzia ukurasa. Akausukuma taratibu.

"Nisomee wewe. Herufi zinatembea."

Nikamsomea mistari yangu mitatu. Alifungua kanga ili aegemeze kichwa ukutani, na hapo ndipo nilipoona: paji zima lilikuwa na mfereji, kama mti uliokazwa kamba muda mrefu.

"Kumbe ilitakiwa damu," alisema. Hakupandisha sauti. "Ungeniambia, ningejikata kidogo."

Kesho yake nilikwenda kwa meneja. Ni kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akanikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kitabu kilichotiwa sahihi hakibadilishwi.

"Na tukimwandika huyu, mzee wangu, kesho kila mwenye kichwa atakuja. Kichwa kinachouma utakipima na nini?"

Nilikunywa chai yake. Nilipokuwa nikiinuka alisema, kwa upole uleule, kwamba ananishukuru, kwa sababu nimemwonyesha pengo ambalo ni lazima lizibwe.

Magunia bado ni kumi na mawili kwenda juu. Kilichobadilika ni karatasi. Kila asubuhi, kabla ya kuketi, kila mchambuaji huweka dole gumba kuthibitisha kwamba kichwa hakimuumi. Karatasi hiyo huiandaa mimi, na kidau cha wino hukishika mimi. Hajira huweka dole lake kama wengine, akiwa ameyafumba macho kidogo kwa sababu ya taa. Kanga siku hizi haifungi, isije ikamsemea.