Maana ya Pili ya Kubipu

Mimi natunga kamusi. Nimepewa herufi B, na msinicheke, maana B ina maneno ya kumtoa mtu jasho. Siku hiyo nilikuwa nimekalia neno "bipu", na mhariri wetu alikuwa amenisimamia kichwani. Ofisi nzima tulimwita Bwana Nukta, kwa sababu nukta ikikosekana hapo hapalaliki.

"Asili yake?" akauliza.

"Kiingereza, mzee. Ni mlio tu. Walianza na honi ya gari, wakaja kwenye mashine, halafu simu. Wenzetu hawakujisumbua, waliandika walichosikia."

"Na sisi?"

"Sisi tumelipatia kazi. Kubipu ni kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, ili akupigie yeye."

"Maana ni hiyo tu?"

Hapo nikamsimulia habari za mama. Kila siku saa nne asubuhi mama alinibipu. Ikilia mara moja, anakata. Maana yake nimeamka, nimekunywa chai, nipo. Hakutaka nipokee, wala nimpigie. Mwanzoni niliwahi kupokea kwa kiherehere changu, akanisema wiki nzima. "Nani kakwambia uongee? Nimekubipu, sijakupigia." Nikashika adabu. Simu ikilia saa nne naitazama, nasema moyoni haya mama, naendelea na kazi. Tulikwenda hivyo miaka kumi na moja.

Bwana Nukta alicheka mpaka akavua miwani. "Iandike, binti. Maana ya pili: kumjulisha mtu kwamba u mzima."

Nilikuwa naiandika simu ilipoita. Ilikuwa saa nne na dakika kumi, na alikuwa mama. Ikalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Leo kasahau kukata," nikamwambia mzee, tukacheka tena.

Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Sikupokea. Nasema kweli, kupokea hakukunijia hata akilini.

Saa tisa alasiri akanipigia jirani yake mama, fundi cherehani. Mama kaanguka, wako hospitali. Nilitoka mbio bila hata kuaga.

Nilimkuta upande mmoja wa mwili umelala na maneno yamemwishia. Kando yake mashine ilikuwa inalia bip, bip, nami mjinga wa kamusi nikajikuta nahesabu. Daktari akaniuliza hali ilianza saa ngapi. Nikamjibu saa nne na dakika kumi. Akainama akaandika, kisha akasema angeletwa mapema wangekuwa na la kufanya. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Siku nne nilikaa naye nikimwomba radhi. Alinitazama tu, wala sikujua kama ananielewa. Siku ya tano, mchana kweupe, akatutoka.

Tulipomaliza mazishi nilikuwa na hofu moja iliyoninyima usingizi: kwamba mama amekufa akijua nilimpuuza. Nikamfuata fundi kwenye cherehani yake nikamuuliza bila kuzunguka. Ulipomkuta, alikuwa anaweza kusema?

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Alikuwa anasema vizuri tu, mwanangu. Niliingia saa nne na nusu kumrudishia mkasi, nikamkuta kakaa chini jikoni. Anasema mkono umekufa ganzi. Nikataka nikupigie, akanizuia. Akasema, mwache, simu ameshaiona, yuko njiani."

"Ukamsikiliza?"

"Nikataka kuita gari, akakataa. Eti tukitoka, wewe utakuta mlango umefungwa, utahangaika bure. Nikamwekea mto, tukakusubiri. Saa nane na nusu ulimi ukamwia mzito, ndipo nikapiga kelele kwa watu." Machozi yakamtoka. "Nisamehe. Alivyokuwa na hakika, na mimi nikawa na hakika."

Sikuwa na cha kumsamehe, yeye alimtii mama kama mimi nilivyomtii. Nikamuuliza lile nililolijia, kama mama alinikasirikia.

"Akukasirikie nini? Kila gari lililopita aliniambia nikachungulie dirishani."

Bora angenikasirikia.