Malipo ya Moyo wa Pili

Mwaka wa 1998, Kalondu alikuwa akipiga pasi sketi za shule katika kibanda chake cha ushonaji sokoni Masii wakati Maundu, ajenti wa bima ya maisha, alipomwandikia kiasi atakacholipa kila mwezi. Kilikuwa kidogo, kama bei ya shati moja la mtoto, naye akakubali papo hapo. Mumewe Nzuki alipofariki, kamati ya mazishi ilizunguka ikichangisha mpaka kwa watu wasiomjua. Kalondu hakutaka mwana wao Mutunga, aliyehamia Mombasa na kupiga simu Krismasi tu, apate kisingizio cha kutokuja kumzika mama yake.

Maundu alisema kumebaki kupimwa na daktari, jambo la kawaida.

Daktari wa kampuni alikuwa na chumba Machakos mjini, juu ya duka la dawa. Alimsikiliza Kalondu kifuani upande wa kushoto, akaandika. Akahamia upande wa kulia, akaandika tena.

"Mama, moyo huu wa kulia ni wa nani?"

"Wa mzee wangu," Kalondu akasema. "Ulikuja wiki moja baada ya mazishi."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Alisema wa kushoto ni mzima kabisa, ila wa kulia una presha, tena ya siku nyingi.

Kalondu alifunga vifungo vya blauzi polepole. Nzuki alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha simiti Athi River. Kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani, akala, akasema amechoka. Habari ya presha hakuwahi kuigusa.

Maundu alirudi na hesabu ya mwisho. Ilikuwa mara tatu ya ile ya kwanza.

"Ile ilikuwa makadirio, mwaitu," akamwambia, akimwita mama kwa Kikamba kama alivyowaita wateja wote wanawake wa umri wa Kalondu. Kampuni sasa ilikuwa imeona mioyo miwili, na mmoja mgonjwa.

Kalondu aliuliza kama basi siku akifa watalipia watu wawili. Maundu akasema hapana, watalipia mmoja, kwa sababu Nzuki alishakufa.

"Lakini presha yake ndiyo nalipia?"

"Presha bado iko hai, mwaitu."

Kisha akamshauri. Kulikuwa na wajane kule Kangundo waliokwenda kukaa kaburini mpaka moyo ukarudi kwa mwenyewe, wakapimwa upya, wakalipa bei ya kwanza.

Jumamosi asubuhi Kalondu alibeba kigoda mpaka nyuma ya nyumba, kando ya mbaazi, akakaa karibu na kaburi. Alimweleza mumewe mambo ya bima bila kuficha. Moyo ukaanza kusogea. Ulipanda mpaka chini ya koo, ukasimama hapo, kama Nzuki alivyokuwa akisimama mlangoni na begi lake, akingoja kuambiwa aende salama.

Kalondu alifungua kinywa.

"Kwa nini hukuniambia unaumwa?" akauliza.

Moyo ulienda mbio kidogo, kisha ukashuka ukarudi mahali pake. Kalondu akachukua kigoda, akaenda kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sufuria ndogo. Siku hiyo hakutia chumvi. Hakutia tena tangu hapo, ingawa chakula kilimshinda na hakukuwa na mtu mezani wa kumlalamikia.

Alilipa kila mwezi. Mwaka uliofuata daktari alimpima tena, akasema wa kulia umepata nafuu sana, presha imeshuka. Kalondu alimsubiri Maundu sokoni, akampa habari hiyo na cheti chenyewe, akauliza bei itashuka lini.

Maundu alisoma cheti mpaka mwisho, akamwambia amefurahi kwa ajili ya mzee. Bei, akasema, huwa inapanda tu, kushuka hakumo.

Kalondu akahesabu pesa, akampa. Maundu akamwandikia risiti kwa jina la Kalondu peke yake.