Jumatano ya Nusu Bei

Mtu akikuambia amepanga matembezi ya watoto hapa Nairobi bila kuumwa kichwa, mwulize mshahara wake unatoka wapi. Mimi nilipanga ya siku moja tu, na nusura nilazwe.

Tunakaa Mowlem, chumba kimoja orofa ya nne, mimi na Koki na Mumo. Baba yao, Muindi, anaendesha lori la kwenda Juba, kwa hivyo yeye ni baba wa simu. Mimi napakia biskuti kiwandani, Industrial Area, zamu ya usiku. Nikirudi asubuhi ndio watoto wanaamka, na wakirudi jioni kutoka shule mimi nafunga kitambaa kichwani nitoke. Likizo ndiyo mbaya zaidi. Nisipolala mchana naweza kuacha vidole kwenye mashine, na mtoto wa miaka sita kama Mumo hajui kucheza kimyakimya. Basi wanakunywa chai, wanatoka, wanakaa kwenye ngazi au kwa majirani, nami nafunga mlango kwa ndani. Hivyo ndivyo nilivyowalea, tukipishana mlangoni.

Mwaka huo Koki alimaliza Gredi ya Tisa, na Januari alikuwa anaenda shule ya bweni huko Kitui kwa kina baba yake. Hapo ndipo nilipozinduka. Msichana amenipita kimo, na sikumbuki ni lini tulikaa pamoja mchana mzima bila mmoja wetu kuangalia saa. Nikaapa kwamba kabla hajafunga sanduku lake, lazima nipate siku moja, mimi na wao, kuanzia asubuhi mpaka jua litue. Na isiwe siku ya kufua.

Pa kwenda hapakuwa na mjadala. Kuna mahali panaitwa Sayari Park, kando ya barabara ya Thika, pana bembea za mitambo za kila aina, na gurudumu lao kubwa unaliona ukiwa mbali. Mumo akichora nyumba, pembeni anachora lile gurudumu. Koki yeye alitaka ile treni inayopanda polepole halafu inaporomoka watu wakipiga mayowe. Alikuwa ameacha kuitaja, lakini mama unajua kitu mtoto ameacha kukitaja kwa sababu gani.

Shida ilianza nilipotangaza. Katika ploti yetu ukisema unataka kuwatoa watoto, kila mtu anakuwa mshauri. Mmoja akasema niwapeleke kuangalia ndege zikiruka uwanjani Embakasi, ni bure. Mwingine akasema watoto hawajui tofauti, niwanunulie aiskrimu na kuwazungusha mjini. Muindi akapiga simu kutoka mpakani kunieleza kwamba yeye alikulia Mbotela bila kupanda bembea yoyote na hakufa. Nilimwambia hakuna aliyesema atakufa, na kama hana la maana aendelee kupanga foleni yake ya forodha. Nikakata simu. Baadaye alituma pesa kidogo bila maneno, na kwa Muindi hiyo ndiyo samahani.

Koki ndiye aliyefanya kazi ya kupanga. Alikaa kwenye ngazi na simu yangu akasoma kila kitu walichoandika watu waliowahi kwenda. Ukienda Jumamosi unalipa bei kamili na unapigana kwa foleni. Jumatano ni nusu bei. Chakula cha ndani ni ghali kupita kiasi, na cha kutoka nje hawaruhusu, lakini wanawake wengi wamejua namna ya kukipitisha. Alinieleza hayo yote kwa sauti ya mwalimu, nami nikaona kweli huyu mtoto ameshakuwa mtu mzima bila mimi kuwapo.

Basi ikawa Jumatano. Nusu bei ni nusu bei, sikuhitaji kufikiri mara mbili. Kumbe nilihitaji.

Desemba kiwanda hakilali. Nchi nzima inataka biskuti za Krismasi, na msimamizi wetu, Shiundu, ukimwomba ruhusa wakati huo anakutazama vile unavyomtazama mtu anayeuliza njia ilhali yuko mlangoni. Aliniambia hana mtu wa kunishikia. Nikaenda kwa Everline, rafiki yangu wa zamu ya mchana, tukapatana: mimi nifanye mchana wake wa Jumanne, yeye anishikie usiku wangu wa Jumatano. Usiku wa Jumanne ulikuwa wangu bado. Kwa hivyo ningeingia asubuhi ya Jumanne na kutoka asubuhi ya Jumatano, moja kwa moja. Everline aliuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia mbona akina mama hukesha kanisani na kesho yake wanapika harusi.

Siku ile nilifika nyumbani miguu imejaa kama mkate uliolowa. Koki alikuwa ameamka, amemwogesha Mumo, amekanda unga wa chapati. Alitaka kusukuma yeye. Nikamkatalia, nikamwambia leo ni siku yangu ya kuwapikia, akae. Akasimama tu pale karibu na jiko akiniangalia.

"Mum, si ulale kidogo kwanza? Tunaeza enda saa nane."

"Saa nane tutaingia tukitoka. Vaa viatu."

Akavaa. Nikasukuma chapati, nikapasha ndengu, nikafunga kila kitu kwa karatasi ya nailoni na kitambaa, nikajifunga tumboni kwa leso, nikavaa dera juu yake. Dera ni nguo ya ajabu, inaweza kuficha hata sufuria. Langoni pale Sayari Park kulikuwa na askari wa kike anayepapasa watu. Mkono wake uligusa tumbo langu, ukasimama. Akaniangalia usoni kwa muda.

"Pole mama," akasema. "Umekaribia."

Nikamjibu kwamba nimekaribia sana. Koki aligeuka upande kuficha kicheko, na mimi nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwaka mzima. Nikanunua tiketi za bembea za nusu bei, kijitabu kimoja cha kututosha sote, nikakitia ndani ya sidiria. Hapo ndipo ninapoweka kila kitu ambacho sitaki kipotee. Kodi ya nyumba imelala hapo, na kitambulisho changu pia.

Mumo alitaka kuanza na gurudumu papo hapo. Nikasema hapana, tule kwanza chakula kingali na moto, halafu tuzunguke mpaka watufukuze. Tukapata kivuli kwenye nyasi, mbali kidogo na askari. Tukala. Mumo alikula akiwa amesimama, macho juu. Koki alinisimulia jinsi rafiki zake wanavyoogopa bweni, na kwamba yeye haogopi ila hajui usiku Mumo atakuwa na nani mimi nikiwa kazini. Nilimwambia nimeshaongea na mama Wavinya wa chumba cha pili. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa na jibu hilo na bado halijamtosha. Nikaona tutaliongea vizuri baadaye, siku bado ilikuwa changa.

Nikawaambia nanyoosha mgongo dakika tano tu, halafu twende.

Nilipofungua macho, kitu cha kwanza nilichoona ni kipande cha boksi. Kilikuwa juu ya uso wangu, na mkono wa Koki ulikuwa umekishika. Kivuli chetu kilikuwa kimehama zamani, na yeye alikuwa amekaa upande wa jua akinikinga. Mumo alikuwa amelala chali kando yake akichuna nyasi, na michirizi ya machozi ilikuwa imekauka usoni. Nikaangalia juu. Gurudumu lilikuwa limesimama. Kijana mmoja alikuwa anafunga lango la treni kwa mnyororo, na watu wanaelekea nje wamebeba viatu na watoto.

Nikashika kifua. Kijitabu kilikuwa pale pale, kimelowa jasho, na hakuna tiketi hata moja iliyokatwa.

Siwezi kusema niliongea vizuri. Nilimfokea yule mtoto hadi watu wakageuka. Nilimwuliza kama ana akili, kama anajua siku hii nimeilipia na nini, mbona hakunitikisa, mbona hakunimwagia maji, anadhani nimekuja hapa kulala, si kitanda ninacho nyumbani. Mumo akaanza kulia upya, akasema yeye alitaka kuniamsha mara nyingi na Koki akamwambia akinigusa atamchapa. Akasema pia kuna mtu wa pale alikuja kuuliza kama mimi ni mgonjwa, Koki akamjibu nimechoka tu, atuache.

Koki alingoja nimalize. Alikuwa amewekelea boksi magotini.

"Mum, nilijaribu kukuamsha mara moja," akasema. "Nikakushika bega. Ukasema, 'Shiundu, namaliza,' ukaanza kusongesha mikono, kama unapanga biskuti. Macho imefungwa. Nikashindwa kukushika tena."

Nikaitazama mikono yangu.

"Na si kwa nyumba ukilala huwa tunakaa nje?" akaendelea, sasa sauti ikishuka. "Mimi sijawahi kukuona ukilala. Ulisema unataka siku moja na sisi. Nimekaa na wewe siku mzima."

Nililia pale kwenye nyasi, mbele ya watu na dera langu lenye mafuta ya chapati. Sikulia kwa uzuri wowote. Nililia kwa sababu nilikuwa nimepunguza kila kitu, nauli, chakula, kiingilio, na kile nilichokwenda kukitafuta nikakilalia. Na nililia kwa sababu huyu mtoto alikuwa ameona jambo ambalo sikutaka alione, kwamba mama yake anapakia biskuti hata akiwa usingizini. Koki hakunifuta machozi wala kunibembeleza, hatuna mazoea hayo. Alisogea tu, bega lake likagusa langu.

Yule kijana wa mnyororo alikuja kutuambia wanafunga. Nikamwonyesha kijitabu. Akakipindua, akasema tiketi za nusu bei hutumika siku ile ile na yeye hana mamlaka. Nikamwambia najua hana. Jumatano nyingine ningekuwa nimelala mchana ili usiku niende kwenye mashine, na Jumatano zote baada ya hiyo, hadi Koki aondoke. Nadhani aliona uso wangu, au aliona wa Mumo, kwa maana alikuna kichwa akasema farasi wale wa kuzunguka, wa watoto wadogo, bado hawajawafunika. Kama ni mtoto mmoja, na kama ni haraka, anaweza kuwasha.

Mumo hakungoja kuambiwa. Alikimbia mbele yake akachagua farasi mweupe mwenye sikio lililovunjika. Mtambo ukakohoa, ukaanza kwenda. Akawa peke yake kati ya farasi wote wale, akizunguka, kila akifika upande wetu anainua mkono mmoja kutupungia na kuurudisha haraka.

Nilimwuliza Koki mbona asiende aombe naye apande, hata kama ni farasi. Akasema hiyo ni ya watoto. Nikamwambia treni ataipanda siku moja, hata ikiwa sitakuwapo. Akasema sawa, kwa ile namna ya kukubali ambayo si kukubali.

Kisha akavua sweta yake, akaikunja, akaiweka juu ya paja lake.

"Lala tena kidogo," akasema. "Mumo bado anazunguka."

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka tuongee yale ya bweni, na usiku wa Mumo, na mambo mengine ambayo mama humwambia msichana kabla hajaondoka. Nilikuwa nimeyabeba kwa wiki nyingi. Lakini alikuwa ameshanishika kichwa, na mikono yake ilikuwa na uzito wa mtu anayejua anachofanya.

Nikalaza kichwa pale. Sikulala tena. Nilifumba macho tu, ili aendelee kuniangalia.